Waya wa Klachi

Leo asubuhi, kwa fundi wa pikipiki hapa Lodwar, nimesikia harufu ya klachi iliyoungua, kali kama kwato zilizotupwa motoni. Harufu hiyo naijua tangu utotoni.

Siku ile tulikuwa tumetoka Kakuma, wanne juu ya pikipiki kuukuu ya baba. Mimi nilikaa mbele juu ya tangi, mama nyuma, na mdogo wangu akiwa amefungwa mgongoni kwake, mwili unawaka homa. Zahanati ilikuwa imesema tumkimbize Lodwar. Kwenye mchanga wa laga, mto wa msimu uliokauka, injini ikanguruma, lakini tairi likakataa kusonga.

"Waya ya klachi imelegea tu," baba akasema. "Nikikaza, itavuta."

Akakaza. Tukasonga kidogo, harufu ikapanda, tukakwama tena. Akakaza zaidi. Mama alikuwa amemfungua mtoto, anampepea kwa ncha ya shuka. Halafu akaacha kupepea. Akamfunika uso kwa shuka. Baba alikuwa amepiga magoti mchangani na spana yake, anatuambia, "Ngojeni kidogo, sasa itavuta."

Leo fundi amemcheka mteja wake. "Nani alikaza hii waya? Pleti za klachi zikiisha, unalegeza. Ukikaza unaichoma."

Akalegeza nati nusu mzunguko. Pikipiki ikaondoka.

Baba ni mzee sasa. Hadi leo husema mikono yake ilikosa nguvu siku ile, kwamba angekaza zaidi tungefika. Jioni nimemkuta amekaa mlangoni. Nimemwekea chai. Maneno ya fundi nimebaki nayo.