Pembe ya Joto ya Mama Mkwe

Ok-bun alipoamua kuvunja sakafu alianza na upande wake, ule wa baridi, karibu na mlango, alikokuwa akilala miaka ishirini na sita tangu aolewe katika nyumba ile ya milimani. Mama mkwe wake, Bi Sun-rye, alikuwa amejikalia upande wa pili, juu ya mawe ya sakafu ambayo chini yake hupita moto wa jikoni. Alijifunika mfarishi hadi kiunoni, na chini ya mfarishi mlikuwa na bakuli la wali lenye kifuniko. Lilikuwa la Du-sik, mume wa Ok-bun, mchimba makaa aliyekuja nyumbani mara moja kwa mwezi bila kutaja siku. Kila siku wali wake ulitunzwa pale, ili akitokea aukute moto.

"Haya, vunja," bibi alisema. "Ukinifikia, nivunje na mimi."

"Nitakuzunguka, Mama."

Msidhani Ok-bun alikuwa mkaidi wa kuzaliwa. Kipupwe kilichopita, sumu ya yale makaa wanayochoma, isiyo na harufu wala rangi, ilipenya kwenye ufa wa sakafu. Asubuhi Ok-bun aliamka kichwa kikimgonga, akamwita mama mkwe. Kimya. Akamburuta mpaka uani kwenye theluji, akamtia mdomoni maji baridi ya figili zilizochachishwa, kama wanavyofanya huko, huku akilia na kumsihi avute pumzi. Bibi akavuta. Wakauziba ule ufa kwa udongo, ukatokea mwingine. Ndipo Ok-bun alipoapa kwamba hawatalala tena juu ya moto. Moto utakaa bandani nje, kwenye boila, na chini ya sakafu yatapita maji ya moto tu, ndani ya mabomba.

Aliyeharibu mambo ni Pil-ho, fundi wa mabomba, kwa kutaka kusifia kazi yake.

"Bibi, utafurahi mwenyewe," alisema. "Chumba kizima joto sawasawa. Mlangoni, ukutani, kote."

"Sawasawa? Penye joto ndipo pa heshima; akija mtu mzima nimkalishe wapi? Mimi na paka tuwe daraja moja?"

Tangu siku hiyo bibi hakubanduka pembeni pake ila kwa haja. Ok-bun naye hakubishana. Alishika sururu, akang'oa mawe meusi ya masizi, akayabeba moja moja hadi nje, mgongo ukimuuma vibaya. Siku ya tatu bibi alikuwa amebakiwa na kipande cha sakafu kisichozidi mkeka, mashimo pande zote, bado kakumbatia bakuli.

"Hata aibu huna, mkamwana."

Ok-bun akaweka sururu chini. "Sina. Mama, nilikushika kwapani nikakuvuta kama gunia. Miguu yako ilikuwa inaburuzika tu. Nilijua umekufa, na nilikuwa nawaza nitamwambia nini Du-sik. Mimi siwezi tena. Nitavunja mpaka hapo ulipokaa."

Bibi akaliweka bakuli kando. Kisha akanyoosha mkono ili ainuliwe.

"Lakini pembe yangu iwepo," alisema.

"Itakuwepo." Ok-bun akamgeukia fundi. "Maji yakitoka kwenye boila yaanzie pale, yakiwa moto kabisa. Na hapo mabomba uyabananishe."

"Kazi itaongezeka," Pil-ho akanung'unika.

"Iongezeke."

Ikafanywa hivyo. Simenti ikakauka, karatasi iliyopakwa mafuta ikabandikwa juu, na theluji ya kwanza ikaanguka siku ambayo Ok-bun alishinda kisimani akiosha kabichi za kutia chumvi. Aliingia jioni vidole vimekufa ganzi, akakaa mlangoni kwa mazoea. Sakafu ilikuwa na joto. Akaipapasa kwa viganja vyote viwili, akataka kucheka.

"Njoo huku," bibi alimwita kutoka pembeni pake. "Tia mkono chini ya mfarishi."

Ok-bun akatia, akatoa bakuli lenye kifuniko, moto wa kuchoma vidole. Akalirudisha upesi.

"Hili la Du-sik, Mama."

"La Du-sik liko nyuma yangu. Hilo ni lako. Kula."