Wanga Ndani ya Bugali

Ukinikuta nimemaliza sahani nzima ya wali na samaki, ukaniuliza kama nimekula, nitakujibu bado. Hapa Kasongo, kula ni bugali. Vingine vyote, nyama, samaki, sombe ya majani ya muhogo, maharagi, vinaitwa mboga, na kazi ya mboga ni kuusukuma bugali ushuke. Ndiyo maana mtoto akishaachishwa ziwa hupewa bugali na mchuzi, samaki wanabaki kwa baba na wageni, na hakuna anayeona ubaya. Tumbo limejaa. Unataka nini tena?

Binti yangu wa mwisho alikuwa amefika hapo. Mashavu yamejaa kweli kweli. Mimi nauza ndagala sokoni, wale samaki wadogo wakavu wanaoletwa kutoka ziwani kwa njia ya Kabambare, na wenzangu wa meza za jirani walinisifu kila nikija naye: "Mama, mutoto huyu iko munene! Unamulisha nini?" Nikapokea sifa zote. Mimi si mtu wa kurudisha kitu nilichopewa bure.

Lakini mkono wangu una tabia yake. Siwezi kununua ndagala bila kuwafinya, kwa sababu wachuuzi wa njiani huwamwagia maji ili gunia lionekane zito. Nafinya juu, nafinya chini, halafu naanza upya. Asubuhi moja namvika mtoto viatu, vikakataa kuingia. Nikaufinya mguu. Kidole kilipotoka, shimo likabaki. Nikafinya mguu wa pili. Shimo. Nikajua hii si nyama, ni maji. Nimeuziwa maji.

Nikampeleka kwa muganga wa kituo cha afya. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akatufuata, maana kwetu mtoto ni wa ukoo, mama ni mpishi tu. Muganga alikuwa dada kijana aliyesomea mbali, Kiswahili chake cha vitabu. Akatazama miguu, akatazama nywele zilizoanza kuwa nyekundu, akaniuliza mtoto anakula nini. Nikamwambia.

"Mama," akasema, "nyumbani kwako wanga umezidi. Protini hakuna. Na mafuta ni haba."

Wifi akasimama. Protini ilimpita, haba ikampita. Lakini wanga! Kwetu bwanga ni dawa ya kuroga, kitu kinachofungwa ndani ya kitambaa na kuzikwa mlangoni. Sikio la wifi halikuhitaji kungojea hiyo b.

"Munasikia? Muganga mwenyewe amesema! Iko mu nyumba ya ndugu yangu!"

"Ndiyo, mama," akajibu muganga, kwa furaha ya kueleweka. "Mwingi sana. Uko ndani ya bugali."

"Na bugali anapika nani?"

"Mama wa mtoto, nadhani."

Sokoni nimeshtakiwa mara nyingi, lakini sijawahi kupata shahidi mwema namna ile. Muganga alipokuja kueleza kwamba wanga ni ile nguvu iliyomo ndani ya muhogo na mchele, wifi alikuwa nje zamani, anawahubiria wanawake kwenye foleni.

Mimi nikabaki ndani kupatana bei.

"Maziwa," muganga akaanza. "Nyama. Mayai kila siku."

"Muganga, unaniona bibi wa tajiri wa dhahabu wa Salamabila? Shuka kidogo."

"Basi yai ukilipata."

"Ndagala je?"

"Ndagala ni protini safi kabisa."

Nilikuwa nimekalia gunia zima la protini, nawauzia watu wengine. "Na karanga?"

"Karanga zina protini na mafuta pamoja."

Bidhaa moja, kazi mbili. Hapo sikubishana. Tukaongeza maharagi, tukaongeza kijiko cha mawese ndani ya uji wake. "Sasa bugali niutupe?"

"Usiutupe, mama. Bila huo atapata wapi nguvu ya kucheza? Lakini usimpe peke yake."

Pakiti za karanga zilizosagwa, ambazo kituo huwapa watoto waliovimba, zilikuwa zimeisha. Barabara ilikuwa mbaya, mzigo haujafika. Muganga akaniambia nimrudishe mtoto kila wiki, na akikataa kula au akipata homa, siku ileile. Nikakubali.

Nyumbani nikakuta pikipiki mlangoni. Wifi ameikodi ampeleke mtoto Wamaza, kwa mfumu wa kutoa bwanga. Huko atakunywa mizizi, na atakatazwa samaki mpaka dawa ikolee. Samaki! Mume wangu anatazama tu, kama mteja asiyenunua.

Sikupiga kelele. Nikaandaa chakula mbele ya wote. Nikachukua samaki wa baba yake, nikatoa miiba, nikamweka mtoto kwenye paja, nikamlisha yeye kwanza.

"Samaki ya baba!" Wifi akapiga makofi. "Mutoto akizoea samaki atakuwa mwizi!"

"Aibe. Lakini awe muzima kwanza."

"Na bwanga yako?"

Nikamega tonge kubwa la ule bugali, nikameza. Nikamega la pili, ili hesabu isiwe na mashaka. "Kama iko bwanga, miye ndiye wa kwanza kukufa. Mungojee hapo. Mutoto haendi Wamaza."

"Weye ni nani wa kukataza? Mutoto ni wetu."

"Ni wenu. Basi mukuye mumutoe kwenye paja langu."

Hakuna aliyekuja. Mwenye pikipiki akakohoa. Mwisho mume wangu akamwambia dada yake, "Yaya, tumuache kwanza." Yalikuwa maneno madogo, lakini nikayachukua, sikumdai chenji.

Nikatwanga ndagala, nikatwanga karanga, siku baada ya siku. Maji yakatoka mwilini. Kilichobaki kilikuwa kidogo: vijiti vya miguu, mbavu nje. Sokoni sifa zikageuka. "Mama, mutoto amekwisha! Unamunyima chakula?" Hata mimi niliogopa, nikakimbia kwa muganga. Akacheka: maji yametoka, nyama ndiyo inaanza sasa. Nikarudi nikawatangazia wote: yule munene mliyemsifu alikuwa mgonjwa, huyu mwembamba ndiye anapona, na asiyependa asitazame.

Wifi akaja kujionea, tukiwa tunakula. Akamnyanyua mtoto kutoka kwenye sahani ili ampime kwa mikono. Mtoto akapiga yowe, akampiga teke la kifua, akajinyoosha kwa vidole vyote kuelekea chakula.

"Iko na nguvu," wifi akasema, kama anayetoa mashtaka mapya.

Akamweka chini. Akavuta kiti, akanawa, akanyoosha mkono kwa samaki.

Nikaisogeza sahani. "Ngoja, wifi. Mutoto hajamaliza."