Koti Lenye Mifuko Minne

Fundi cherehani hakuwahi kuiamini benki, sembuse simu. Pesa zake alizitunza kwenye koti kuukuu la marehemu mumewe, lililoning'inia nyuma ya mlango. Kwa ndani alilishonea mifuko, kila mmoja na kitambaa chake: wa bluu wa kodi ya nyumba, wa kaki wa karo ya mjukuu, wa maua wa chakula, na mweupe wa dawa za mzee.

Jumapili moja binti yake alimkalia kooni. "Mama, utaibiwa ubaki unalia. Tuziweke zote kwenye simu, ujue una ngapi."

"Mimi najua. Wewe ndiye hujui."

Mwishowe alichoka kubishana, akalishusha koti. Binti akapekua mfuko mmoja baada ya mwingine. Wa kodi haukufika nusu. Wa karo ulikuwa na sarafu tupu. Ule mweupe ulikuwa umetuna, noti zimekunjwa vizuri, nyingine mpya kabisa.

"Mama, baba ametutoka mwaka wa pili huu."

"Nakumbuka. Nilikuwepo."

"Sasa hizi unamwekea nani?"

Kila alipofunga kazi, mkono wa fundi ulikwenda wenyewe kwenye mfuko ule kwanza, kama ulivyozoea enzi za ugonjwa wa mumewe, na mingine ikagawana masalio. Alilichukua koti, akaketi kwenye cherehani, akaushona mfuko mweupe mdomo, pesa zikiwa humohumo.

"Hizo nyingine," alisema, "peleka kwenye simu."