Siku Nilipoweka Makaa ya Mama Akinyi Kwenye Kundi la Taka

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: mimi Nafula ndiye yule msichana wa Kawangware aliyejaza moshi kanisa zima pale mtaa wa Silanga, asubuhi, watu wakiangalia, na nikiwa bado najisifu.

Kazi yangu ni kupanga moshi. Msicheke. Kuna sayansi changa ya hewa tunayovuta mitaani, changa kiasi kwamba hata majina haijapata ya kutosha, huyu akisema moshi wa makaa anamaanisha hiki, yule wa mji mwingine anamaanisha kile, sasa sisi tunatengeneza orodha moja ya makundi: moshi wa kuni huku, wa makaa huku, wa mafuta taa kule, wa taka kule chini kabisa pamoja na tairi na plastiki. Mkubwa wangu, Daktari Mwikali, ana sheria moja, kwamba hakuna kitu kinachoingia kwenye kundi kabla hujaenda kukiona kikichomwa na mwenyewe anayekitumia.

Basi alasiri moja nilibakiwa na kitu kimoja tu, makaa ya kubumba. Kina mama wa Silanga wanachukua vumbi la makaa, wanachanganya na karatasi kuukuu zilizolowekwa na udongo kidogo, wanabumba kwa mkono, wanaanika. Nilitakiwa niende nikaone. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, na Silanga mnaijua ikinyesha (matope yanakula kiatu na mguu juu), nikajiambia, si yana karatasi za kuokota ndani? Karatasi ya kuokota si ni taka? Nikayatupa kwenye kundi la taka, nikafunga kazi. Daktari akaniuliza, "Nafula, ulienda kuona?" Nikamwangalia machoni nikasema, "Nilienda, Daktari."

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Siku ya kuonyesha watu orodha tulikodi kanisa la mabati pale pale Silanga, tukabandika ukutani karatasi kubwa yenye makundi yote, tukaweka mezani kipimo chetu cha moshi, na chai tukawaandalia. Kina mama wakaja wamependeza kweli, kumbe walikuwa na mgeni wao, matroni wa shule moja ya Kawangware (anakaa ploti ya pili kutoka kwetu, hiyo ndiyo sehemu inayoniuma), alikuja kuamua kama jikoni mwa shule watapikia makaa yao. Wiki mbili walikuwa wakibumba kwa ajili ya siku hiyo. Mwenyekiti wao, Mama Akinyi, akasimama mbele ya ukuta akisoma polepole kwa kidole, kikafika chini, kikasimama.

"Hii makaa yangu," akasema, "iko chini ya tairi?"

Matroni naye akasogea akasoma. "Kama ni taka mimi siwezi pikia watoto wa watu."

Sasa mtu mwenye akili angesema, jamani, samahani, hebu tuangalie tena. Mimi? Kichwa ngumu nilichozaliwa nacho kikapanda, nikasema kwa sauti ya kuhubiri, "Sayansi haijui sura ya mtu! Leteni jiko, tupime hapa hapa!" Nikaongeza, eti ili kusiwe na ujanja, jiko nitaliwasha mwenyewe.

Likaletwa, na makaa yao yakaletwa. Nikaangalia huku na huku cha kuwashia, nikaona pale kwenye meza ya chai pakiti tupu za maziwa, nikachukua tatu nikazisukuma chini ya makaa, kiberiti, basi, vile ninavyowasha kwangu kila jioni. Weh! Moshi mweusi ukapanda, kile kipimo chetu cha moshi kikawaka taa nyekundu kikaanza kulia bila kupumua, watu wakakohoa, wazee wakakimbilia mlango, na mimi katikati ya hayo yote nimeinua mkono juu napiga kelele, "Mnaona? Mnaona?"

Mama Akinyi hakukimbia. Alichukua koleo, akachokoa chini ya jiko, akatoa pakiti moja iliyoungua nusu, bado ina picha ya kichwa cha ng'ombe, akaiinua watu waione.

"Nyathina," akaniita kwa Kijaluo, mtoto wangu, "na hii ng'ombe pia ni mimi nilibumba?"

Kanisa lilicheka mpaka mabati yakalia. Daktari pekee hakucheka. "Ulipoenda kwao," akaniuliza, "wao waliwasha na nini?"

Nikasema, "Sikuenda."

Kicheko kikaisha. Matroni akachukua mkoba wake akatoka, na nikaona uso wa Mama Akinyi ukishuka, nikaskia vibaya, aki vibaya sana. Nikatoka mbio nikamfuata matroni hadi barabarani nikimwomba. Akanijibu, "Mimi bodi ya shule huniuliza karatasi. Karatasi yenu imesema ni taka. Mkiibadilisha, iandikwe kwa nini imebadilika na ni nani alikosea. Hapo nitasoma."

Nilirudi Silanga kesho yake, na kesho kutwa, na siku ya tatu. Kina mama huwasha kwa vijiti vikavu, na kile kipimo hakikulia hata mara moja. Tukayahamisha yakaenda kwenye kundi la makaa, na kwa kila kundi tukaongeza swali ambalo hatukuwahi kufikiria: moto uliwashwa na nini? Kilichobaki ni daftari la mabadiliko, ambamo kila kitu kikihama lazima sababu iandikwe na haifutwi, wote wanaotumia orodha wanaisoma, wa hapa na wa ng'ambo. Daktari alinihurumia, akasema niandike tu "marekebisho madogo." Nilitamani, siwadanganyi. Lakini marekebisho madogo yasingemfungulia Mama Akinyi mlango wa shule. Nikaandika:

"Makaa ya kubumba yametolewa kwenye taka. Yalikuwa huko kwa sababu Nafula hakwenda kuona, akasema alikwenda, kisha akawasha jiko kwa pakiti za maziwa akasingizia makaa."

Matroni aliisoma mbele ya bodi yote, nami nimesimama hapo kama mshtakiwa. Aliisoma mara mbili, kwa sababu pasta aliyekaa nyuma (pasta wetu!) alisema hakusikia vizuri. Walipomaliza kucheka akamgeukia Mama Akinyi akamwambia, "Leteni magunia Jumatatu."

Mama Akinyi alinishika mkono akaufinya hadi ukauma. Mimi ploti nzima bado wananicheka, wacha wacheke. Lakini tangu hapo nikiulizwa kama nimeenda kuona na sijaenda, nasema sijaenda, naondoka hapo hapo naenda.