Nikichanjwa Ndui, Mke Wangu Ameachika

Bwana Mhariri wa ukurasa huu, jina langu lifiche, usiweke hata herufi ya kwanza, maana huku nyuma ya Chanika kila mtu ananijua. Barua nimeiandika kwa mkono wangu. Kusoma nilijifunza ukubwani, peke yangu, bila fimbo ya mtu. Ukiona mahali pamepinda, panyooshe.

Mie ni mtu mzima sana. Mjerumani alipoondoka nilikuwa tayari na ndevu na wake wawili. Pori hili nimelifyeka mwenyewe, na tangu nizaliwe ugonjwa haujanilaza. Homa zenyewe zinaniogopa. Wake nimeoa wanne, watatu walinishindwa. Huyu wa sasa ni mwanamke wa makamo, ana mdomo, lakini anapika.

Basi ndui ilipoanza kusikika njia ya Kisarawe, serikali ikaleta dresa, kijana wa bara mwenye kaptula na sanduku la dawa. Akasimama barazani kwa jumbe, akasema chanjo hii ni mpya, ni ya unga, inakaa ndani ya kichupa na haiharibiki kwa joto kama ile ya zamani. Watu wote wakanitazama mie, maana hapa mie ndiye nasemaga.

Nikamwuliza, "Kijana, huo unga mmemjaribia nani?"

"Shikamoo mzee. Mimi mwenyewe nimechanjwa," akanionyesha kovu.

"Marahaba. Na baba yako alichanjwa?"

"Baba yangu ni marehemu, mzee."

"Haya, mmesikia wenyewe!"

Baraza zima likaangua kicheko, jumbe akafuta machozi. Yule kijana akainamia sanduku lake. Na mie kicheko kile kikanipanda kichwani, nikasimama, nikaapa mbele ya watu wote na mwalimu wa chuo cha Kurani akiwepo: "Siku chanjo hiyo itakapogusa ngozi yangu, mke wangu ameachika, talaka tatu!" Nilipigiwa makofi ambayo hata siku ya harusi sikupigiwa. Watu wengi wakaondoka bila kuchanjwa, kwa heshima yangu.

Mke wangu habari ilimfikia kabla yangu. Hakulia wala hakugomba. Kesho yake alijitanda kanga akaenda akachanjwa, ruhusa hakuomba.

Sasa ndui imefika. Jirani yangu aliyepiga makofi kuliko wote imemchukua. Wanasema walipomgeuza, ngozi ilibaki kwenye mkeka. Waliomzika ni wenye makovu ya ndui na waliochanjwa tu. Mie ambaye maiti wa hapa nimewateremsha kaburini kwa mikono hii, siku hiyo niliambiwa nisimame kule mbali kwenye mihogo. Mjane wake akanipigia kelele toka mlangoni, "Mzee, si ulikuwa unachekesha watu? Njoo uchekeshe na leo!" Nimemsamehe, ana msiba.

Dresa anarudi wiki hii. Bwana Mhariri, mie si mwoga, ila ile ngozi kwenye mkeka hainitoki. Nikamwendea mwalimu nikamwambia siku ile nilikuwa natania tu.

"Talaka haina utani, mzee," akasema. "Uliapa nami nasikia. Ukichanjwa kaachika, na humrudii mpaka aolewe na mume mwingine, na huyo amwache kwa hiari yake."

Fundi cherehani, aliyefiwa na mkewe mwaka jana, alikuwa amekaa pale pale. Akasema, "Mzee wangu, hilo lisikutie shaka. Nitakuolea mie, kisha nitamwacha."

"Utamwacha lini?"

"Akinichosha. Ila nasikia anapika."

Wakacheka, na mwalimu akacheka. Mie, kuchekwa!

Nikaenda nyumbani moja kwa moja. Nikamkuta anachagua mchele.

"We mwanamke, wataka nichanjwe?"

"Kachanjwe, mume wangu. Nani anataka mumewe aoze?"

"Na talaka je?"

"Hiyo umeitoa wewe. Mie sikuiomba."

"Na nikikataa, nikafa?"

Akatoa chuya, akatoa kijiwe, uso wala hakuuinua. "Ukifa nitakukalia eda miezi minne na siku kumi, sijipambi, sitoki. Ukiniacha ni miezi mitatu tu, basi. Mie sichagui, bwana. Nakuambia ilivyo."

Miaka yote niliyoishi naye hajapata kunieleza jambo kwa upole namna ile. Nikaupiga teke ungo, mchele ukamwagika uwanja mzima. Akapiga magoti akauokota, na nikamsikia anaimba kidogo kidogo.

Jana ameifua kanzu yangu nzuri, ameipiga pasi, na mkono wa kushoto ameukata hadi juu ya kiwiko, eti dresa asipate taabu ya kukunja. Ameitundika pale ninapolala, naitazama.

Nisipochanjwa, atanizika akiwa mke wangu halali, na eda ataikaa apende asipende, na hilo, nawaambieni kweli, linanipoza moyo kidogo. Nikichanjwa, nitapona nimwone anampikia yule fundi. Nilichotaka kwake ni neno moja tu, aniambie "usiniache", hata kwa uongo. Nimemzunguka siku nzima nikijikohoza. Ananiuliza kama nataka maji.

Nyie wasomaji mnaojua mambo, nishaurini, nifanye nini? Ila msiniambie nimbembeleze. Hilo sijapata kulifanya, na sianzi uzeeni.