Maua ya Juu ya Kinyala

Mvua za kwanza zikishalainisha ardhi, mama alikuwa akikwea mlima ulio juu ya Kinyala kwetu. Hakuwa na shamba huko. Alikwenda kutazama maua, na mimi, binti yake wa mwisho, nilimfuata. Tulikaa kwenye nyasi mbichi tukiwaangalia nyuki wadogo weusi wakijipenyeza ndani ya maua ya zambarau, kisha wakitoka kinyumenyume, migongo imejaa vumbi la njano. Kila mmoja alipokwama, mama alicheka. Nyumbani hakuwa mtu wa kucheka.

Kisha biashara ikawa huria. Chama chetu cha ushirika kikafa, kahawa ikakosa mnunuzi wa uhakika, watu wakang'oa mibuni. Wakaja wachuuzi kutoka Tunduma, mpakani, wakitafuta viazi vidogo vilivyojificha chini ya maua yale. Walisema huko Zambia vinatwangwa, vinapikwa pamoja na karanga. Sisi hatukuwahi kuvila.

Msimu uliofuata tulikuta mlima umejaa majembe. Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa miongoni mwa wachimbaji, gunia begani.

"Na wewe?" mama akamuuliza.

"Dada, mibuni nimeng'oa. Watoto niwape nini?"

"Mwakani mtachimba nini?"

"Mwakani tutahamia mlima mwingine."

Nilitaka mama amkaripie. Hakufanya hivyo. Alikuwa amewaona watoto wale wakishinda na ndizi za kuchemsha tupu. Aliinama, akaokota viazi vichanga ambavyo wachimbaji walivitupa, akaanza kuvifukia kwa vidole. Nikamsaidia mpaka mvua ikatufukuza. Mjomba alitupita akishuka, hakutuangalia.

Tulirudi baada ya majuma kadhaa. Nilifukua kimoja, kilikuwa kimeoza, kinanuka. Nikafukua kingine. Mama akasema niache.

Mvua zilipoanza tena tukapanda, tukakaa palepale. Palikuwa na mashimo na magugu tu. Tulingoja mpaka jua likatuchoma, nyuki hakuja hata mmoja. Mama aliinuka, akakung'uta kanga yake, tukateremka.

Mjomba alihamia milima mingine, naye akarudi mikono mitupu. Na mwaka ule mwingine, mawingu yalipotanda juu ya mlima Rungwe, nilimwambia mama twende.

"Kutazama nini?" akasema, akaendelea kumenya ndizi.