Mikwaruzo ya Bangili kwenye Besi Fupi

Watu wengi wakiona besi fupi, yaani gitaa la besi lenye shingo fupi, hudhani ni gitaa la mtoto. Bi Besi aliyasikia hayo kila wiki, na jibu lake lilikuwa mdomoni siku zote: "Haya, ya mtoto. Ipige basi, tumsikie huyo mtoto anavyonguruma." Mnunuzi akigusa uzi mnene wa juu, glasi zikagongana rafuni, na ubishi ukaishia hapo. Uzi wa besi fupi umepungukiwa na kiganja kimoja tu ukilinganisha na wa besi ya kawaida, lakini kiganja hicho kina mambo. Mkono haunyooshwi mpaka bega lilalamike, nyuzi zinalegea kidogo, na sauti inatoka nene na ya taratibu, kama ya mtu anayeongea akiwa ameshiba.

Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, na kwa miaka kumi na miwili alipiga besi fupi katika bendi iliyoalikwa kwenye hoteli na kumbi. Jina la Bi Besi alilipata huko. Lile alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vyeti. Kisha, miaka mitatu kabla ya habari hii, kiharusi kilimpitia upande wa kulia. Mguu ulirudi. Mdomo nao ulirudi, na hakuna aliyekuwa na wasiwasi kwamba mdomo ule usingerudi. Mkono wa kulia ulirudi nusu. Uliweza kushika kikombe na kufungua skrubu, lakini kuvuta nyuzi haukuweza tena, maana vidole viliitikia vikiwa vimechelewa, na kwenye besi kuchelewa hakuna msamaha. Bendi ilimsubiri miezi minane, halafu ikatafuta mtu mwingine. Yeye akatangaza kwamba amestaafu, kwa sauti kubwa ya mtu asiyetaka kuulizwa tena.

Tangu hapo akawa ananunua besi fupi zilizochoka, anazitengeneza na kuziuza. Duka lilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia: mbele alikaa mumewe, fundi cherehani, na nyuma zilining'inia besi. Kuzijaribu alitumia mkono wa kushoto peke yake. Alizibana nyuzi kwa kishindo shingoni mpaka zikatoa sauti ndogo, na sauti hiyo ilimtosha kujua kama shingo imepinda. Kumchezea mnunuzi hakuwahi. Alimpa besi mwenyewe aipige, na watu wakadhani ni adabu ya biashara.

Kitu kimoja alikitaka, na hakumwambia mtu: kupiga tena wimbo mmoja mzima, mwanzo mpaka mwisho, kabla mkono wa kushoto nao haujasahau. Na ulikuwa umeanza kusahau. Siku moja aliutafuta wimbo aliokuwa akifungulia maonyesho kwa miaka yote ile, vidole vikafika katikati vikasimama, vikamwangalia kama vinamuuliza yeye. Aliogopa siku ile kuliko siku ya kiharusi chenyewe.

Jumanne moja akaingia dada mmoja mwenye sare ya benki, amebeba besi fupi ya rangi ya kahawia. Alisema ilikuwa ya marehemu baba yake, na kwamba nyumbani hakuna wa kuipiga. Hakubishania bei. Bi Besi akafurahi, kwa sababu mwalimu mmoja wa muziki alikuwa anamsumbua mwezi mzima kwa ajili ya wanafunzi wake wenye mikono mifupi. Akampigia simu papo hapo: njoo Jumamosi saa nne, mzigo upo.

Desturi yake ilikuwa kuzifuta besi mikwaruzo kabla ya kuziuza. Alichukua kitambaa na dawa ya kung'arishia, akaanza na shingo. Ile milia ya chuma ya shingoni ilikuwa imelika vizuri, pale inapolika chini ya vidole vya mtu anayejua anachofanya. "Huyu mzee alikuwa fundi," alisema peke yake. Kisha akashuka afute tumbo, na mkono ukasita.

Pale juu, mpiga besi anapoegemeza mkono wa kulia, rangi ilikuwa mpya kabisa. Palipokuwa pamekwaruzika ni kule mkiani, nyuma ya daraja, yaani kile kibati kinachofunga nyuzi upande wa chini. Mistari myembamba mingi ilijipanga kufuata nyuzi, na katikati yake rangi ilikuwa imeisha mpaka mbao ikaonekana. Ilikuwa mikwaruzo ya bangili. Hilo hakuwa na shaka nalo, kwa sababu mwenyewe alishawahi kuharibu besi mbili kwa bangili. Lakini mkono gani unafika kule? Ili kifundo cha mkono kikae nyuma ya daraja, mpigaji ingembidi akae nyuma ya gitaa lake mwenyewe.

"Fundi," akaita kupitia pazia, "hebu njoo uone."

Mumewe akasimamisha cherehani, akaja na tepu shingoni. Aliangalia kwa heshima, kama anavyoangalia mtu asiyeelewa kitu. "Imechunika."

"Naona imechunika. Imechunwa na nani?"

"Aliyekuwa anaipiga."

"Asante, Fundi. Rudi kwenye suruali zako."

Asubuhi yote hiyo hakufanya kazi nyingine. Akailaza besi mezani, akajaribu kuifikia kutoka mkiani. Mkono ulifika, lakini shingo ikawa mbali. Akaigeuza kama anavyoigeuza mtu wa mkono wa kushoto, nayo ikakataa. Akaiweka sakafuni, akachuchumaa nyuma yake, na mteja aliyekuja kupunguziwa sketi alimwona kupitia upenyo wa pazia akaomba radhi akatoka nje. Kitambaa cha kufutia kilikauka dawa. Shingo ilikuwa ya bingwa na tumbo lilikuwa la mtu asiyejua hata namna ya kukaa na gitaa, na yeye hakuweza kuuza kitu asichokielewa. Alhamisi alishindwa kuvumilia, akampigia simu yule dada wa benki.

"Baba yako alivaa bangili?"

"Baba? Hapana. Mama ndiye anavaa." Kisha, kwa sauti ya chini: "Njoo tu umwone. Mimi nilikuwa naishi mbali, mambo yao mengine siyajui."

Jioni hiyo, nyumbani kwao, mama mwenyewe alifungua mlango, bibi mwembamba, amevaa bangili tatu za shaba. Sebule ilikuwa na kochi la watu wawili lililobonyea sehemu mbili, na jikoni friji lilikuwa likinguruma. Alipoiona besi mkononi mwa mgeni, uso ulimbadilika.

"Umeifuta?" aliuliza kabla hata ya salamu.

"Shingo tu, Mama. Huku sijagusa."

Bibi akapitisha kidole juu ya mikwaruzo, polepole, akakaa. Bi Besi, ambaye alikuja na maswali kumi, akajikuta ameuliza moja tu: "Mkono wako ulifikaje huku?"

"Kaa hapo, mwanangu. Hapo alipokuwa anakaa yeye. Ipakate."

Akakaa. Bibi akaketi kuliani kwake, karibu mpaka mabega yakagusana, akanyoosha mkono kutoka mkiani mwa besi. Kifundo kikatua juu ya mikwaruzo kama mtu anavyokaa kwenye kiti chake. Vidole vikaangukia nyuzi.

"Mkono wake wa kulia ulikufa," alisema. "Wa kushoto ulikuwa mzima, ukimhangaisha. Usiku kucha ukicheza kwenye shuka. Akauza ile besi yake ndefu, maana shingo ilikuwa inagonga ukuta tukikaa wawili, akanunua hii. Akaniambia mimi nivute nyuzi. Nikamwambia, bwana, mimi nauza viatu, naijulia wapi kazi hiyo? Akasema, wewe sikiliza bega. Bega likikusukuma, vuta. Tumepiga hivyo miaka tisa."

"Mkipigia wapi?"

"Hapahapa. Wasikilizaji tulikuwa sisi na friji."

Bi Besi alitaka kucheka, akaishia kuiweka besi vizuri pajani. Hakuwa amemwambia bibi habari za mkono wake, na hakumwambia hata sasa. Alibana uzi tu, pale wimbo wake wa kufungulia unapoanzia, akasukuma kwa bega. Bibi akavuta.

Sauti ikatoka nzima. Kwa miaka mitatu alikuwa amejibana na ile sauti ndogo ya mkono mmoja, na sasa hii ilimwingia tumboni bila hodi. Akasukuma tena, na tena. Bibi alikosea uzi mara mbili, akajisahihisha mwenyewe. Walipofika katikati ya wimbo, pale vidole vilipokuwa vikisimama, vilipita moja kwa moja bila kuuliza mtu. Machozi yalimtoka Bi Besi waziwazi, naye hakuyafuta, kwa kuwa mkono uliokuwa na kazi hakutaka kuutoa.

Bibi ndiye aliyeacha kuvuta kwanza. "Bega lako zito kuliko la mzee," alisema, akatabasamu. "Inatosha, mwanangu. Siwezi zaidi ya hapo."

"Nakurudishia, Mama. Ni yako hii."

"Usinirudishie. Mimi ndiye niliyemwambia binti aitoe humu ndani. Ilikuwa inaniangalia." Akauangalia mkono wa kulia wa mgeni, uliolala pajani muda wote kama abiria. Alikuwa ameuona tangu mlangoni. Mtu aliyekaa na mkono wa namna ile miaka tisa haulizi. "Nyumbani una nani?"

"Mume. Fundi cherehani. Hana muziki hata wa kuazima."

"Mimi nilikuwa nao? Nakuuliza kitu kimoja tu: anajua kusubiri?"

Bi Besi akafikiri. Akakumbuka miezi minane ya kulishwa kwa kijiko na mtu ambaye hakuwahi kumwambia harakisha. "Hilo anajua," alisema.

Ijumaa mchana alifunga mlango wa duka, akavuta benchi mbele ya pazia. Fundi alikaa ukingoni kabisa, kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

"Mke wangu, mimi gogo. Unajua mimi ni gogo."

"Sogea, gogo. Weka mkono hapa. Bega likikusukuma, vuta."

Akavuta kwa nguvu za mtu anayekata kitambaa kizito. Glasi zikagongana rafuni. Mara ya pili aliomba radhi. Mara ya tatu alivuta kabla hajasukumwa, na mara ya nne alisukumwa akasahau kuvuta, kwa vile alikuwa anamwangalia mkewe usoni. Walibishana. Bi Besi alimwambia mumewe ana kichwa kigumu. Naye akamjibu kwamba bega lake halieleweki, mara linasukuma mara linapumua. Walikunywa chai, wakarudi. Halafu Bi Besi akasikia kitu chini ya benchi. Mguu wa Fundi, bila yeye mwenyewe kujua, ulikuwa unakanyaga sakafu, kisigino na vidole, kisigino na vidole, vilevile ulivyokanyaga cherehani upande wa pili wa pazia siku zote. Haukuwahi wala haukuchelewa. Miaka mitatu alikuwa ameusikia mguu ule kutwa nzima na kuuita kelele.

"Usiuzuie huo mguu," alisema.

"Mguu gani?"

"Basi. Wewe vuta tu."

Jumamosi, saa nne kamili, mwalimu wa muziki alisukuma mlango, begi tupu la gitaa begani. Wawili wale walikuwa kwenye benchi, wamebanana. Walikuwa wameupita mwanzo wa wimbo, wameipita na katikati. Hakuna aliyeinua macho. Mwalimu alisimama akisikiliza, akauangalia mkono mmoja, akauangalia mwingine, akafuata ni upi wa nani, akapotea.

"Samahani," alisema hatimaye. "Mpiga besi ni yupi kati yenu?"

Bi Besi alikuwa na jibu. Siku zote alikuwa na jibu. Lakini Fundi alimtangulia, macho ameyakodolea nyuzi, kijasho kimemtoka, mguu ukikanyaga.

"Mwalimu, subiri kidogo," alisema. "Utanipotezea hesabu."

Mkewe akamsukuma kwa bega, naye akavuta, na wakaenda hivyo mpaka mwisho wa wimbo.